Mjerumani wa Mutua

Jumatatu, 3 Machi
Nimepima oili ya gari kabla ya kwenda kazini. Imesimama kati ya alama mbili, safi. Upepo wa matairi sawa. Maji ya rejeta, ya kupoza injini, sawa. Mume wangu Mutua aliketi kwenye kiti cha plastiki mlangoni akinitazama kama mkaguzi. Tangu kiharusi kimpate mwezi wa Novemba, mkono wa kulia haujui tena kushika patasi. Miaka thelathini ya kuchonga vinyago, basi. Sasa ananifundisha kutunza gari lake na mimi natenda. Wiki ya kwanza nilitaka kumimina maji mahali pa oili. Alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu hospitali.

Jumanne, 4 Machi
Nilidhani sitalipenda gari hili la Kijerumani. Ni kuukuu, limepita mikono mitatu kabla ya kutufikia. Lakini nikikaa usukani, kelele zote za mtaa wetu wa Tena hubaki nje. Viti vya ngozi vimepasuka na bado vinakupokea. Kwenye barabara mbovu halirukiruki. Kazini mimi ni karani wa shule, natumwa huku na kule. Ndani ya Mjerumani hakuna anayenituma.

Alhamisi, 6 Machi
Maji yamepungua. Nimeongeza. Chini ya gari hakuna tone. Nimemwambia Mutua, akakunja uso. Maneno yake bado hutoka polepole. "Tazama... kila siku."
Jioni amekuja Kioko, mdogo wake. Ana mtu anayelitaka gari. "Shemeji, Mjerumani anataka mwanamume. Utaliua." Alisema mbele ya Mutua. Nimekasirika hata sasa. Kioko si mbaya, ndiye aliyembeba kaka yake mgongoni hadi hospitali. Lakini nimekasirika.

Ijumaa, 7 Machi
Yamepungua tena. Kidogo. Naogopa. Nimeongeza.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Nilikuwa nampeleka Mutua kwa mazoezi ya mkono, Barabara ya Kangundo. Mshale wa joto, ambao siku zote hukaa katikati, ukaanza kupanda. Nilijiambia utashuka. Mutua akapiga paja kwa mkono wa kushoto. "Zima." Neno moja, wazi kabisa. Nikatoka barabarani, nikazima.
Mtu wa bodaboda alisimama na chupa ya maji. "Mathe, acha nifungue hiyo rejeta niiwekee maji, iko na kiu." Nilishika mkono wake. Nikamwambia ikifunguliwa ikiwa moto itamchoma uso. Akaniangalia vizuri, kisha akatusaidia kusukuma hadi kivulini. Mazoezi tuliyakosa. Gari likavutwa kwa kamba hadi nyumbani, majirani wote wakiona.

Jumapili, 9 Machi
Kioko amekuja na fundi wake. Fundi alifungua boneti, hakugusa kitu, akasema hedi, yaani kichwa cha injini, imepasuka. Imekwisha. Kioko akasema tumpe yule mnunuzi gari kabla halijaoza hapo. Nikasema nitafikiria. Mutua aliinuka akaingia chumbani bila fimbo yake, akishika ukuta.
Sikwenda kanisani. Nimelia jikoni. Labda nimeliua kweli. Si chuma ninacholilia. Likienda, atabaki na nini cha kunifundisha?

Jumatatu, 10 Machi
Mutua hajatoka chumbani. Chai hajamaliza. Dereva wa shule ameniambia kuna mzee huko Njiru, aitwaye Njoroge, asiyetengeneza chochote ila Wajerumani. Nimempigia. Atakuja kesho.

Jumanne, 11 Machi
Mzee Njoroge alianza kwa maswali. Mshale ulifika wapi? Ulizima baada ya muda gani? Maji yalipungua kwa siku ngapi? Nilijua majibu yote. Hata Mutua alitoka chumbani kusikiliza.
Akachomoa kijiti cha oili. "Hedi ikipasuka, maji huingia hapa, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Hii ni safi." Akaingiza tochi karibu na feni, akanionyesha alama nyekundu iliyokauka kwenye pampu ya maji. Maji yalikuwa yakivuja tu injini ikiwa moto, yakikauka kabla ya kufika chini.
"Hedi ni nzima, Mama. Ni pampu. Ungeendesha dakika chache zaidi, tungekuwa tukiongea mengine. Nani alikuambia uzime?"
Nikamnyooshea Mutua kidole. Mzee akaenda kumsalimia, akampa mkono wa kushoto bila kuambiwa.
Nilikaa kwenye ndoo.

Ijumaa, 14 Machi
Pampu mpya, mkanda mpya, maji mapya. Mzee Njoroge alilivuta hadi karakana yake Njiru, na leo nimeliendesha kurudi Tena, jicho moja barabarani, jingine kwenye mshale. Haukusogea. Nimeimba njia nzima, vibaya.
Kioko alikuja kusikiliza injini. "Nilikuwa na haraka, shemeji." Kwake hiyo ni samahani, nimeipokea. Kisha akaniomba nimtazamie gari lake. Kijiti cha oili kilitoka kikavu. Hajapima oili tangu Krismasi. Mutua alicheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya kanisa tumepita soko la Burma. Nimeagiza mbavu za kuchoma, tukazingojea ziive tukiwa ndani ya gari. Mvua ikaanza, nyepesi. Mutua alirudisha kiti nyuma, akalala. Nyama ilipokuwa tayari, mchomaji alinipungia mkono. Nikainua kidole: angoje kidogo.