Dada Alipopiga Kelele za Moto

Shoga, ngoja nikusimulie. Kiwanda cha magodoro anakofanya kazi dada kimeungua.

Dada alishatoka, yuko salama. Akamwona yule fundi wa mashine, Mhispania, amesimama mlangoni anashangaa watu wanavyokimbia. Akampigia kelele, "Moto! Moto!" huku anaonyesha nyuma ya jengo.

Unajua alifanya nini? Alijipapasa mifukoni, akamwambia "asante" kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akarudi ndani mbio.

Akarudi NDANI, shoga!

Mkalimani wao ndiye aliyetufumbua macho baadaye. Kwao moto ni pikipiki. Wana neno refu, wakalikata, kikabaki kipande hicho. Moto wetu na moto wao hata undugu hawana! Pikipiki yake ilikuwa kule nyuma, akadhani anaambiwa aiondoe. Alifuata funguo.

Hakutoka tena.

Dada hajalia mpaka sasa. Anarudia tu, "Aliniambia asante. Ningemshika mkono nimvute, basi. Aliniambia asante."

Mama wa marehemu anafika kesho. Ameomba kuonana na mtu wa mwisho kuongea na mwanawe.

Dada amekubali. Ananiuliza mimi aanzie wapi.