Nimemwacha Amimine Mwenyewe

Mama,

Nesi wa ofisi ya wanajeshi wastaafu amekuja leo na ameshaondoka, na mimi sijui kama nimemwokoa mumeo au nimemuaibisha. Yeye amelala. Mimi niko mezani pako jikoni, natafuna kifuniko cha kalamu, tabia ile uliyoshindwa kuniachisha.

Naogopa, mama. Tangu tukuzike naogopa, na kubwa ninaloliogopa ni bafu. Utacheka. Lakini Baba Yakubu hataki nimuogeshe. Amekataa katakata. Ulipoolewa naye mimi nilikuwa tayari mtu mzima, na hata kama namwita baba na yeye ananiita binti yake, hawezi kunivulia nguo. Namwelewa. Wallahi hata mimi ningeona haya. Basi huingia peke yake, na mikono yake ile inayotetemeka na mguu ule ulioumia vitani, na mimi naketi chini nje ya mlango nasikiliza maji. Yakimwagika sawasawa, napumua. Yakinyamaza, namwita, na asipojibu upesi nainuka naugonga mlango. Mwezi wa Shaaban alianguka. Nilisikia kishindo, pazia la bafu likang'oka, kisha sauti yake: "Niko sawa, usiingie." Nikabaki na mkono kwenye kitasa, sithubutu kufungua wala kuondoka, mpaka alipojifunika taulo ndipo akaniita.

Na hapo nipo nyumbani. Nikiwa kazini Coon Rapids, nakunja mashuka ya hospitali, baina yangu na nyumbani hapa Oakdale kuna barabara yote ile na theluji yake. Nampigia simu kila nikipata nafasi. Akichelewa kupokea, nishamuona kichwani mwangu amelala sakafuni. Supavaiza ameniambia nichague, simu au kazi. Nikiacha kazi hatuli. Nikiendelea nayo, daktari ameshalitaja neno, makao ya wazee, na amelitaja baba akisikia. Jioni akaniuliza kama huko watamruhusu kutia tangawizi kwenye kahawa yake.

Nilienda kulia garini.

Kumbe serikali ya huku kwao ina msaada kwa wazee waliotumika jeshini kama yeye. Wanaleta mtu nyumbani, amuogeshe, amvishe, akae naye mimi nikiwa kazini, na serikali ndiyo inayogharamia. Wewe ulilijua hilo, mama. Walikuja hapa hapa kumuangalia, wewe hai na mimi nimekaa kwenye kochi lile. Kabla hawajafika ulimuogesha, ukampunguza ndevu, ukamvisha shati ulilolipiga pasi mara mbili, ukafukiza udi nyumba nzima kama ndiye anayeposwa. Fimbo yake ya kutembelea ukaificha nyuma ya mlango. Kila alichoulizwa yeye ukakijibu wewe, na jibu lilikuwa moja, hajambo, anajiweza. Nesi akala mahamri, akasifu, akaenda zake. Jibu likaja kwamba mzee hahitaji msaada. Ukalifurahia, eti hawakumuona na dosari hata moja.

Sikulaumu. Ndivyo tulivyolelewa Mombasa, mgeni hakuti nyumba ovyo wala mzee hajapendeza. Ila mgeni akishaondoka, wewe ulikuwepo mwenyewe wa kumshika baba. Mimi sina wa kunisaidia.

Basi nikaomba waje tena. Safari hii nikasema sifanyi lolote. Sifukizi, sipigi pasi, na fimbo nikaiweka katikati ya sebule mtu aikanyage. Nikamwambia baba aseme ukweli, na akaitikia kwa kichwa kama mtoto mzuri. Asubuhi nasikia wembe. Alipotoka chumbani, mama, sijui nicheke au nilie. Kidevu kimejaa vipande vya karatasi vya kuzuia damu. Shati lile ulilolipenda, vifungo vimepishana, kola moja juu moja chini. Na udi ameuwasha mwenyewe, kaa la moto limedondoka kwenye kapeti, nikalikanyaga na soksi.

"Mgeni anakuja," akaniambia kwa Kiswahili chake cha jikoni ulichomfundisha. "Mama yako angetaka."

Nikamfunga vifungo upya.

Nesi ni mama wa makamo, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaanza kumuuliza. Unaoga mwenyewe? Ndiyo. Unavaa mwenyewe? Ndiyo. Umewahi kuanguka? Hapana. Kakaa wima kama yuko gwarideni, anasema uongo hapepesi macho. Nesi anaandika. Mimi naona kila anachoandika kinatufungia mlango. Nikafungua kinywa kusema, baba akanitazama, nikakifunga. Nitamwambiaje mtu baki, mzee wangu ameketi pale pale, kwamba hawezi kujitawadhisha?

Kisha baba akasema, "Rukia, kahawa."

Nikainuka, kama siku zote. Akanizuia kwa mkono. Wewe ndiye uliyemfundisha kwamba mgeni humiminiwa na mwenye nyumba. Na unajua vizuri ulivyokuwa ukifanya. Ulikuwa ukisimama ubavuni pake, umemshika kiwiko kwa chini, mtandio wako umeufunika mkono, na kila mtu akiona mzee anamimina. Tangu uondoke nimekuwa nikikishika mimi.

Leo niliketi, mama. Nilishika kiti kwa mikono miwili ili nisiinuke.

Alienda jikoni bila fimbo. Tukasikia vikombe vinagongana. Nesi aliacha kuandika. Akarudi na sinia, anaburuta mguu, vikombe vinacheza, na mimi roho iko mkononi, namwomba Mungu asianguke, na wakati huo huo, Mungu anisamehe, naomba nesi asiangalie pengine. Akaliweka sinia. Akainua birika. Kahawa ya kwanza ilimwagika kwenye sinia, ya pili kwenye mkono wake. Hakulia. Kikombe kikajaa, kikafurika, kahawa ikashuka mpaka kwenye kapeti, na yeye bado anamimina kwa sababu mkono hautaki kusimama. Alinitazama. Alikuwa anangoja kiwiko, mama. Sikwenda.

Nesi ndiye aliyeruka. Akamshika, akamkimbiza kwenye sinki, akamfungulia maji baridi. Mkono umebabuka kidogo, si jeraha la kutisha, nimeupaka dawa. Lakini pale kwenye sinki, amenipa mgongo, nilimsikia akimwambia nesi kwa Kiingereza, polepole:

"Mke wangu ndiye aliyekuwa akifanya. Yote. Hata mimi nilidhani nafanya mwenyewe."

Akamweleza yote. Bafu, vifungo, siku aliyoanguka, usiku anapolowesha mto kwa kukulilia. Mimi nilibaki sebuleni nafuta kahawa na kitambaa cha vyombo, na nililia mpaka nikashindwa kuona doa.

Nesi ameniambia ataandika alichokiona. Hakuahidi. Kwa hivyo naogopa watakataa tena. Naogopa pia watakubali, aletwe mwanamume nisiyemjua, mwenye mikono ya haraka na maneno makali, na baba ajifungie bafuni. Na naogopa kwamba mzee amenitazama leo akaniona sikuinuka, na ataikumbuka picha hiyo kila nikimpa kikombe.

Nakuahidi hivi. Huyo mtu akija, nitamfundisha kila ulichokuwa ukifanya, mpaka taulo linavyopashwa moto kwanza, mpaka kile kiwiko. Kisha nitamwachia, niende zangu jikoni. Wakikataa, nitawaita tena, na wakija tena nitaketi tena, hata kama itaniua. Makao hatakwenda maadamu mimi nina sauti ya kuombea.

Mola akulaze pema, mamangu. Nitakuja kaburini theluji ikipungua, nimlete na yeye tukipata wa kumshika upande wa pili.

Kabla hajalala aliniuliza jambo. Aliniuliza kama umemkasirikia kwa kumwambia mgeni mambo ya ndani. Nikamwambia hapana, mama hajakasirika hata kidogo. Akafumba macho, akalala papo hapo.

Nimekusemea bila kukuuliza. Naomba isiwe uongo.

Mwanao,
Rukia