Viatu Nilivyokuchagulia

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Natumai hamjambo nyote, na kwamba kucha zako zimeanza kuota tena. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu ya kushika kalamu.

Mama ameniambia kwenye simu kwamba umeacha mazoezi. Anasema umeyaamini maneno ya watu, eti miguu bapa kama yako haikuumbiwa mbio ndefu, ndiyo maana hukumaliza mbio za mchujo. Nilimjibu pole tu, nikakata simu.

Ulipokuja dukani kwetu wiki mbili kabla ya mchujo, ulitaka nikuchagulie viatu mimi, si mwingine. Nilipiga magoti nikakupima. Mguu wa kulia uliuzidi wa kushoto kidogo, na soli za viatu vyako vya zamani zilikuwa zimelika upande wa ndani. Nilijua papo hapo unachohitaji: kiatu kinachoushika unyayo, namba moja zaidi, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, maana mguu huvimba ukikimbia. Huwaambia hivyo wateja wote, hata wasionisalimia.

Ndipo ukanisimulia, huku ukicheka, kwamba baba ameondoa cheti changu ukutani sebuleni akatundika picha yako ukivishwa medali. Hukuwa na nia mbaya, najua. Lakini roho iliniuma! Miaka yote wewe unashangiliwa, mimi nafunga kamba za viatu vya watu.

Nikakuletea vile vyekundu, vyembamba. Ulipouliza mbona vinabana, nilikwambia, "Vitatanuka vyenyewe. Mwamini dada yako." Ukaniamini.

Kikulacho ki nguoni mwako, mdogo wangu, na mimi ndiye. Miguu yako haina kasoro. Ulipokaa chini kilomita ya saba, soksi zimelowa damu, nilikuwa palepale kando ya barabara. Kabla huruma haijanijia, nilifurahi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.

Sikuombi unisamehe sasa. Jumamosi nakuja kuwaeleza baba na mama kwa mdomo wangu, wewe ukiwepo. Lakini usinisubiri. Nenda duka lingine, jioni mguu ukishatanuka, uvae soksi zako za mazoezi, upimwe upya na mtu asiyekujua.

Wasalimie wazazi, wala usiwafiche barua hii.

Ni mimi, dada yako, kama bado nafaa kuitwa hivyo.