Neptuni Juu ya Paa la Wanawake

Alhamisi, 19 Septemba 2019

Mhandisi Daddi wa Chama cha Watazama Nyota amekuja leo baada ya alasiri. Bahmed, mwanangu, alimkaribisha sebuleni. Mimi nilikaa nyuma ya pazia. Habari njema, anasema. Chumba kipya cha chama kitapewa jina la marehemu mume wangu, Bakir. Na michoro yake ya Neptuni na Uranusi – thelathini na minane, ya mwaka 1991 hadi 2007 – itatundikwa ukutani, kila mmoja kwenye fremu yake.

Michoro yake!

“Katika bonde lote hili,” alisema, “hapakuwa na jicho kama la Haji Bakir.” Bahmed akashukuru. Mimi nikashukuru pia, kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti inayotakiwa.

Bakir hakuiona Neptuni hata siku moja.

Niandike kwa utaratibu, kama nilivyowafundisha wasichana miaka thelathini na minne. Kwanza mtenda. Mtenda ni mimi. Darubini aliinunua Bakir huko Marseille mwaka 1990, akikusudia kuiweka kwenye shamba letu la mitende. Kabla haijafika, biashara ilimwelemea, shamba likauzwa. Ikabaki nyumba hii ya mjini. Nyumba ya mjini ina paa, na paa ni la wanawake. Mwanamume hapandi ila ana kazi, na sharti kwanza aite kwa sauti, wanawake wa nyumba za jirani waingie ndani. Bakir aliona haya kuwaingiza ndani wake za watu usiku wa joto kwa ajili ya nukta moja angani. Basi nikapanda mimi. Yeye alikaa kwenye ngazi na vitabu vyake vya ramani za nyota, akipiga hesabu, akiuliza, “Umeipata?” Nilichora, nikashuka. Mezani jikoni akatia jina lake chini ya mchoro.

Alisema jina la mwanamke likipelekwa chamani litaleta maneno. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, si mtoto. Nilikubali.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimemweleza Bahmed baada ya chakula. Hakuacha kutafuna.

“Mama, nani asiyejua kwamba ulikuwa ukimsaidia?”

Kumsaidia! Nikamuuliza: aliyekaa kwenye ngazi na aliyeweka jicho kwenye kioo, yupi alimsaidia mwenzake? Sitaki jina la Bakir lifutwe. Waandike majina mawili: yeye aliyepiga hesabu, mimi niliyeona na kuchora. Basi.

“Kadi za mwaliko zimeshachapwa,” akasema.

Jioni nilipanda. Miaka kumi na miwili, tangu mchoro wa mwisho, sikuigusa darubini. Turubai limeliwa na jua, njiwa wamefanya yao juu ya bomba la darubini. Kioo cha ndani kina vumbi lakini kinafaa. Jicho langu la kulia ndilo halifai – mtoto wa jicho amelifunika, kama kutazama kupitia maziwa. La kushoto bado. Daktari amesema nalo limeanza. Alisema “limeanza” huku akijaza fomu ya mgonjwa mwingine.

Mwaka huu Neptuni iko katika kundi la nyota la Ndoo, jirani kabisa na nyota moja inayoonekana kwa macho matupu. Bahati. Miaka ile ya tisini ilikuwa chini sana kusini na tuliitafuta wiki nzima. Leo, saa moja tu. Siwezi kusema kwa hakika nukta ipi ni sayari na zipi ni nyota, zote zimefifia sawasawa. Hakuna njia ila ile ya siku zote: chora nukta zote, ngoja siku tano, chora tena. Iliyohama ndiyo yenyewe.

Nimechora. Chini nimeandika tarehe, saa, na jina langu, Setti binti Kasem. 

Jumamosi, 21 Septemba

Vumbi la kusini. Anga rangi ya ngozi ya ngamia. Sikupanda.

Jumapili, 22 Septemba

Chama kimebandika tangazo sokoni, lenye picha ya mchoro mmojawapo, wa Julai 1994. “Kutoka paa la nyumba yake, Haji Bakir alifuatilia sayari za mbali kwa miaka kumi na sita.”

Kutoka paa la nyumba yake. Wameandika wenyewe, wanaume sita wa kamati wamesoma na kupitisha, wala hakuna aliyesita!

Aissa amesita. Aissa ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Amekuja kabla ya magharibi na hakutaka kuketi. Nilimsikia kila neno.

“Bahmed, ndugu yangu, nifahamishe. Miaka kumi na sita baba yako alikuwa juu ya paa na darubini? Usiku wa Julai? Mama yangu na mke wangu wamelala upande wa pili wa ukuta usiofika kifuani?”

“Si hivyo, Aissa.”

“Tangazo linasema hivyo.”

“Wamekosea. Alikuwa akitazama shambani.”

“Shamba gani?” Aissa alicheka, kicheko kibaya. “Shamba lenu alilinunua baba yangu mwaka tisini. Ninakula tende zake mpaka leo. Baba yako alikuwa akiruka ukuta wetu usiku na darubini begani?”

Bahmed alikuwa na jibu. Lilikuwa limekaa hatua nne kutoka kwake, nyuma ya pazia. Hakulitoa.

Aissa alipoondoka alisema, bila kupaza sauti, kwamba alimsalia Haji Bakir jeneza kwa moyo safi, na sasa hajui.

Jumatatu, 23 Septemba

Menna, mke wa Aissa, alikuwa akianika pilipili upande wao. Nilimfundisha darasa la tano na la sita. Aliolewa nyumba ile mwaka 1992, na usiku mwingi alisimama ukutani nami nikimpa zamu ya kutazama. Nakumbuka alivyosema mara ya kwanza: “Hiki ndicho kinachowakosesha usingizi, Mwalimu? Punje ya mtama ina sura zaidi!”

Nikamwambia: “Menna, mumeo anadhani nini?”

Akainamia pilipili. “Anadhani anavyodhani.”

“Na wewe unajua.”

“Najua, Mwalimu. Hata khati ya mchoro kwenye tangazo niliijua, ni yako. Lakini nikimwambia ni wewe, ataniuliza nilijuaje. Nikimwambia nilitazama na mimi, ataniuliza nilitazama nini, usiku, bila kumwambia, miaka yote ile.”

“Ulitazama Neptuni.”

“Utamweleza wewe Neptuni ni nini?”

Akachukua sinia akaingia ndani. Pilipili zilikuwa bado mbichi. Nilimpa alama za juu kila mwaka, huyo.

Jumatano, 25 Septemba

Anga safi! Nimekaa kwenye kiti kuanzia saa mbili na robo. Kwanza sikuona kitu. Kisha nikafanya kama ninavyojua, nikaacha kuikodolea, nikatazama pembeni kidogo ya mahali pake. Ikaja. Kitu kilichofifia hukimbia ukikitazama usoni.

Nimechora bila kuufungua mchoro wa kwanza, nisije nikajidanganya. Halafu nimeshuka jikoni nikaziweka karatasi mbili pamoja chini ya taa. Nukta kumi na moja ziko palepale. Ya kumi na mbili imesogea magharibi, robo ya upana wa mwezi mpevu.

Hiyo hapo.

Nikasimama mlangoni pa ngazi kama mjinga, nikitaka kumwambia mtu. Ningemwambia Bakir angeuliza mara tatu kama nina hakika, kisha angechukua kalamu akatia jina lake. Na bado ningemwambia.

Ijumaa, 27 Septemba

Hafla imeahirishwa. Mhandisi Daddi amerudisha michoro yote thelathini na minane ndani ya mfuko wa plastiki wa duka la viatu. Anaomba radhi, anasema, mambo yakae sawa kwanza.

Kwa mwoka mikate wanawake walikaribiana nilipoingia. Mmoja, simjui, alimnong'oneza mwenzake, mke wa yule mchungulia wake za watu. Walimkusudia Bakir! Mtu ambaye hakupanda juu hata siku paa lilipovuja, akamwita fundi na kumlipa, asionekane kichwa! Ningeweza kusema palepale. Nikalipa mikate miwili nikaondoka, kwa kuwa mambo ya mume wangu hayasemwi mbele ya tanuri. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Hilo limenifaa nini?

Usiku Bahmed ameleta ufumbuzi wake.

“Tutasema alikuwa akienda kwenye shamba la rafiki yake.”

“Rafiki yupi?”

“Haji Brahim.”

“Aliyekufa.”

“Ndiyo.”

“Umechagua vizuri. Hatakukanusha.”

“Mama, nakuomba. Wazee wa mtaa watakuja Alhamisi kulimaliza. Watakuuliza wewe. Sema tu, ndiyo, shambani kwa Haji Brahim. Neno moja, baba analala salama.”

“Ukweli nao unamlaza salama. Mwanamume hakupanda paa. Mkewe ndiye aliyepanda. Aibu iko wapi?”

Akajikuna shingo. “Watauliza kwa nini alitia jina lake.”

Kumbe ndipo. Afadhali baba awe na rafiki wa uongo kuliko kuwa na mke aliyeona.

Nikamwekea mbele michoro miwili ya wiki hii. Nikamwonyesha kwa kidole: hapa tarehe ishirini, hapa ishirini na tano. Akatazama. “Mizuri, Mama,” akasema, vile anavyomwambia binti yake wa miaka minne. Kisha akaweka glasi ya chai juu ya ule wa pili.

Nimeufuta kwa kitambaa. Duara la chai limebaki, linakata nyota tatu.

Jumanne, 1 Oktoba

Vumbi tena. Jicho la kushoto linaniwasha. Sina la kuandika.

Alhamisi, 3 Oktoba

Naandikia juu ya paa, kwa taa niliyoifunga karatasi nyekundu. Sebuleni wamo wanne: Mhandisi Daddi, Aissa, na wazee wawili wa mtaa. Walifika baada ya isha. Sauti zao zinapanda kwenye tundu la wavu lililo katikati ya paa, wazi kabisa.

Bahmed amewasimulia shamba la Haji Brahim. Amelisimulia vizuri, ameongeza na punda wa kubebea darubini. Mzee mmoja akauliza: “Na mama yako anasemaje?”

Bahmed amekuja ngazini, akasimama chini ya mlango.

“Mama, wanasubiri. Sema ndiyo, mimi nitawafikishia.”

Nikamwambia: “Wafikishie hili. Ita kwa sauti wanawake waingie ndani, kisha pandeni wote watano. Neptuni iko ndani ya kioo. Kila mmoja atatazama. Halafu nitachora mbele yenu, mwone ni mkono wa nani.”

“Mama! Wazee wapande huku?”

“Fundi wa tangi la maji alipanda mwezi Machi. Aliita, akapanda, akatengeneza, akashuka. Ita kama alivyoita fundi.”

“Nikiita, mtaa mzima utasikia.”

“Ndiyo.”

“Mtaa mzima utajua kwamba...”

“Ndiyo, Bahmed.”

 Hakushuka.

Chini wamesikia, kwa maana tundu hupitisha sauti pande zote mbili. Mhandisi Daddi amecheka kidogo, akasema yeye ameitafuta Neptuni miaka minane na hajawahi kuipata. Mwenyekiti wa chama! Mzee wa pili amesema hawakuja kutazama nyota, wamekuja kumaliza maneno. 

Darubini hii haina mota. Dunia inazunguka, nukta inakimbilia ukingoni mwa kioo, na kila dakika sharti nisukume bomba kiasi cha unywele. Nasukuma, naandika, nasukuma. Sijawahi kuiona vizuri hivi kwa jicho hili. Ya samawati, hafifu, imetulia. Mwakani sitaiona, hilo nalijua bila daktari.

Saa tatu kasoro kumi. Bahmed bado yuko ngazini, nasikia anavyovuta pumzi.

Sasa hivi, upande wa pili wa ukuta – Menna! Si kunong'ona. Sauti ya darasani, ile niliyomfundisha, ya kufika dawati la nyuma:

“Mwalimu! Sisi tumeshaingia ndani. Paa letu halina mtu. Wapande!”

Mumewe amesikia. Chini mtu ameweka glasi kwenye sinia, kwa nguvu.

Hakuna aliyeita. Nimesukuma bomba mara tatu.

Nyuma yangu nimesikia mlango wa ngazi ukifungwa. Sijui Bahmed yuko upande gani. Sigeuki. Nikigeuka, nukta itatoka kwenye kioo.