Kamanda Anaharisha, na Mume Wangu Yuko Njiani

Shangazi Nakhisa mpendwa, naomba unisaidie upesi, maana nakusoma gazetini kila Jumamosi na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitakaa chini kukuandikia, tena si habari ya mke mwenza wala ya mkwe, ni habari ya mtoto wa mbwa, na tafadhali usicheke kabla hujamaliza.

Mimi naitwa Abalo, tunakaa Makindye katika nyumba za kupanga, mume wangu Ogwal ni polisi na sasa yuko Moroto kikazi. Kabla hajaondoka wezi waliingia uani kwetu wakachukua baiskeli na masufuria yote niliyoyaacha nje, basi akaniambia, "Mama Juliet, mimi sitapata usingizi huko kama hapa hakuna mbwa," akanunua mtoto wa mbwa mweusi mwenye kifua cheupe kutoka kwa mtu mmoja wa Mengo, akampa jina Kamanda, akapanda basi akaenda.

Shangazi, Kamanda alianza kuharisha kabla basi halijafika Mbale.

Nilidhani ni ugeni tu, nikamwacha, lakini hakuacha, tumbo likajaa kama ngoma na mbavu zikaanza kuonekana, nikampa nusu ya kidonge cha minyoo kilichobaki cha Juliet, binti yetu wa miaka minne, na kweli kesho yake minyoo ilitoka, mirefu, myeupe, Juliet akaniita, "Mama, njoo uone, Kamanda amekula tambi!" Nikafurahi nikajua yamekwisha, kumbe yalipumzika tu, baada ya majuma machache yakarudi na zaidi, tena siku hizi anatapika pia. Rafiki yangu Marie-Louise, Mkongomani anayeuza vitenge kule Kisugu, alikuja kunitembelea akamtazama, akauliza, "Abalo, hii mbwa yako iko na mimba?" Nikamwambia ni dume. Akasema, "Basi iko na shida mbili."

Na aibu niliyopata, banange! Siku moja mkuu wa kituo cha polisi, afande mwenyewe, alipita kwa jirani yetu, na Juliet akatoka mbio akapiga kelele mbele yake, "Mama, Kamanda ameharisha tena kwenye ndala zako!" Afande akasimama, akanitazama, na mimi nikamwonyesha mbwa kwa kidole.

Sasa, Shangazi, jambo lenyewe ni hili. Ogwal hupiga simu kila jioni na baada ya kuuliza habari za mtoto huuliza, "Kamanda anaendeleaje?" Sauti yake huwa imechoka, na mimi sikutaka kumwongezea mzigo, nikasema anakua, siku nyingine nikasema amekuwa mkubwa, siku nyingine nikasema ananguruma mpaka watu wanapita upande wa pili wa njia, na kila nikiongeza kidogo nasikia anafurahi, basi naongeza tena. Akaomba picha. Nikaenda kwa Jasper, mlinzi wa nyumba kubwa iliyo karibu nasi, yeye ana mbwa mweusi mwenye kifua cheupe vilevile, mkubwa, amejaa, nikampiga picha huyo nikaituma. Ogwal ameionyesha kambi nzima! Sasa anakuja likizo wiki ijayo pamoja na mwenzake Kidega, ambaye anataka kumwona huyo Kamanda kwa macho yake.

Tangu nisikie hivyo namlisha mbwa kama anayekwenda mashindano, asubuhi matumbo mabichi ya ng'ombe kutoka sokoni, jioni maziwa, nimnenepeshe kabla ya basi kufika, na kadiri ninavyomlisha ndivyo anavyoharisha. Jasper amekubali kuniazima wake kwa likizo yote, ila amenionya, "Mama, mbwa yangu inaitwa Sukari. Ukiita Kamanda haitageuka." Marie-Louise atamficha Kamanda kwake Kisugu. Lakini Juliet amekataa, amemkumbatia mbwa wake shingoni hataki kumwachia, wanalala wote kwenye mkeka mmoja mchana, na tangu juzi anasema na yeye tumbo linamwuma, ingawa nadhani anamwiga Kamanda tu.

Shangazi, nimchukue Sukari, au nimwambie mume wangu ukweli anione mwanamke asiyeweza kulea hata mbwa? Na hayo matumbo niongeze au nipunguze?

Abalo, Makindye

SHANGAZI NAKHISA ANAJIBU

Abalo, unisamehe, nilicheka kabla sijamaliza. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye tumbo la Juliet. Hapo niliacha, na sikuweza kusubiri Jumamosi. Namba yako ilikuwa chini ya barua, nikakupigia. Umeniruhusu niandike hapa niliyokuambia na yaliyofuata, kwa sababu nyua zilizo na watoto wa mbwa na watoto wa watu pamoja ni nyingi mno mjini humu.

Kabla ya kukupigia nilimtafuta Abdul-Latif, daktari wa mifugo ambaye huniokoa kila wasomaji wanapoleta habari za ng'ombe na kuku. Nilimsomea barua yako. Alisikiliza kwa upole hadi kwenye matumbo mabichi, akanikatiza: "Huyo mama anamlisha mbwa, au anailisha minyoo?"

Sasa nisikilize. Ulimkuza Kamanda kwenye simu, halafu ukataka tumbo lake liyafikie maneno yako. Haliwezi. Matumbo mabichi yanaweza kuleta minyoo mipya juu ya ile ya zamani, na maziwa ya ng'ombe huwaharisha watoto wengi wa mbwa hata wale wazima. Ulikuwa unampa ugonjwa asubuhi na jioni, tena kwa upendo.

Na hiyo nusu ya kidonge cha Juliet? Dawa ya mtu hupimwa kwa mtu. Mbwa hupimwa uzito wake, akapewa dawa yake. Mtoto wa mbwa huzaliwa na minyoo aliyoipata tumboni mwa mama yake au huinyonya kwenye maziwa, kwa hiyo dozi moja haimalizi kitu: iliyokomaa inatoka, ile michanga inabaki, inakua, unaanza upya. Ndiyo maana dawa hurudiwa kila baada ya wiki mbili akiwa mdogo, halafu kila mwezi hadi afikishe miezi sita. Tena kuna vijidudu vingine vya tumboni ambavyo jicho halivioni na dawa ya minyoo haivigusi. Hivyo vinahitaji kinyesi kipimwe. Beba kidogo kwenye kikopo chenye kifuniko, kikiwa kibichi, usione haya. Daktari ameshaona vingi.

Juliet hamwigi mtu. Minyoo ya mbwa humpata mtoto anayechezea udongo wenye mayai yake kisha akatia vidole mdomoni, na wewe una mtoto wa miaka minne anayelala na mgonjwa kwenye mkeka mmoja. Nilikuambia: kesho asubuhi Juliet kwanza, zahanati, mwambie daktari habari zote za mbwa, kisha Kamanda, na leo jioni Ogwal akipiga simu, mwambie.

Ukasema, "Shangazi, hayo mawili naweza. Hilo la tatu nitamwambia akifika."

Nikakuuliza, "Akifika na Kidega, mbele ya Sukari?"

Ukacheka, halafu sauti ikabadilika, ukalia kidogo. Ukasema Ogwal yuko mbali sana, na kwamba habari za Kamanda ndizo pekee zinazomfurahisha kwenye simu. Nilikuelewa, Abalo. Nami nina mume. Lakini mtu aliye mbali anahitaji kujua nyumba yake ilivyo, hata ikiwa inanuka.

Jioni hiyo ulimwambia. Uliniandikia alivyojibu. Kwanza aliuliza, "Juliet hajambo?" Hakuuliza ukubwa wa mbwa. Ulipomwambia asubuhi mnakwenda kwa daktari, akapumua. Ndipo akauliza, "Na yule kwenye picha ni nani?"

"Sukari."

"Sukari wa nani?"

"Wa Jasper, mlinzi."

Ulimsikia akicheka, akawaeleza wenzake, kambi nzima ikacheka, halafu Kidega akamnyang'anya simu: "Shemeji, huyo Sukari anauzwa?"

Juliet alikutwa na minyoo, akapewa dawa yake, sasa anakula hadi anaomba nyongeza. Kamanda alikutwa na minyoo pamoja na hivyo vijidudu nilivyokuambia, akapewa dawa mbili tofauti, na daktari akasema ungechelewa kidogo kwa mwili ule uliokauka maji, ungekuwa unazika. Hilo sikulifanyia mzaha, nawe usilisahau.

Ogwal alipofika na Kidega, Kamanda alikuwa mdogo vilevile, ila tumbo limeshuka na macho yameamka. Aliwanusa viatu wote wawili, akapiga chafya, akaenda kulala kwenye kivuli cha mkoba wa mgeni. Kidega akasema, "Huyu ndiye anayewavusha watu upande wa pili wa njia?" Ulitaka ardhi ipasuke. Ogwal alichuchumaa akamwinua, akamgeuza, akamtazama ufizi kama mtu anayejua anachotafuta, akakuambia, "Ungeniambia tangu Mbale, Mama Juliet. Ningekupigia kila saa." Kisha akaomba jembe, yeye na Kidega wakashinda Jumamosi nzima wakikwangua udongo wa ua, na yule afande uliyemwogopa akapita akawasalimu kwa jina.

Sasa msilewe furaha, nyote wawili. Kinyesi kiondoe kila siku kabla hakijakauka, kitupwe chooni. Mkeka wa Juliet ni wa Juliet; Kamanda ashonewe gunia lake, lioshwe na kuanikwa juani. Mikono kwa sabuni kabla ya kula, kila mtu, na mwenye sare pia. Maji ya mbwa yawe masafi. Chakula chake kipikwe: posho, yaani ugali, au wali laini, na mukene, wale dagaa wetu, waliochemshwa, kidogo kidogo mara nyingi, bila pilipili wala mafuta. Viroboto muwaue, kwa sababu nao huleta minyoo ile inayotoka kama punje za mchele. Akianza kutapika tena, au akiharisha damu, au akilala tu bila kuinua kichwa, usinipigie mimi. Mpeleke kwa daktari saa hiyohiyo. Akipata nguvu achanjwe, na chanjo ya kichaa cha mbwa isikose.

Na wewe Abalo, kwenye simu sema yaliyopo. Akiharisha, sema ameharisha.

Dozi inayofuata inaangukia ndani ya likizo. Ogwal ambebe mwenyewe, kifuani, mpaka kwa daktari. Shati litafuliwa.