Taa Aliyoizima Khisa

S.L.P. 614,
Bungoma.
9 Septemba 2006

Mpendwa ndugu yangu Derrick,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kanduyi. Natumaini wewe, wifi Viola na watoto mnaendelea vizuri na joto la Mombasa. Sisi tu wazima, ila mimi nimejaa hasira, na sehemu yake ni yako, kwa hiyo keti uisome vizuri.

Zile sensa mbili za oksijeni ulizotuma, za kupima moshi wa gari, zilifika. Nilipeleka gari Kitale kwa Khisa, yule fundi uliyemsifu ati mlisoma naye. Alinieleza kwamba ya mbele inafikiwa kwa mkono, lakini ya nyuma imejificha kati ya injini na ukuta, lazima alale chini na kufungua bomba la moshi. Nikamwachia gari siku nzima. Jioni taa ya injini pale kwenye dashibodi, iliyokuwa ikiwaka tangu gari lianze kunywa petroli, ilikuwa imezima, na Jumapili Mama akasimama kanisani akamshukuru Khisa kwa jina.

Gari likaendelea kunywa petroli bila aibu. Nikajilaumu, labda naendesha vibaya.

Alhamisi ya wiki iliyopita nilimchukua Mama kwake Kitale kumpeleka kliniki ya moyo Eldoret. Karibu na Moi's Bridge gari likatoa moshi mweusi, likazima. Derrick, mama yetu aliketi juani juu ya gunia la mahindi la watu, akihema, hadi saa ya daktari ikapita. Nilidhani nitamrudisha nyumbani maiti.

Fundi wa pale, Kibiwott, alichungulia kule nyuma akatikisa kichwa. Sensa ilikuwa ile ile ya zamani, kutu haijaguswa. Akafungua dashibodi. Balbu ya taa haipo. Khisa aliitoa!

Nilimfuata hadi gereji. Unajua alichonijibu? "Lakini madam, si wewe ulisema ni taa inakusumbua? Sasa si imezima, bana?" Na sensa yako ya pili iko pale kwenye rafu, ndani ya boksi lake! Maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika, wifi akiyasoma ataniona vibaya. Nawe usinipigie simu kumtetea.

Niliichukua nikampelekea Kibiwott, naye ameiweka. Alichubuka vidole, lakini gari limetulia.

Lililoniuma zaidi ni Mama. Aliapa hapandi tena gari hilo, ati tumwache afie kitandani kwake. Tulimsihi wiki nzima. Jana akanipigia kwa simu ya jirani yake Nasimiyu. Atakwenda kliniki Jumatatu, lakini kwanza tupitie kwa Khisa.

"Siendi kugombana," akasema. "Nataka tu aniangalie usoni, ajue ni mimi nilikuwa ndani ya hiyo gari."

Nisalimie Viola, Rispah na mdogo wake. Mungu awafunike kwa mkono wake.

Dada yako akupendaye, hata akiwa na hasira,
Phelista