Betri Mbili za Lori

Baba Mwende,

Duka nimelifungua. Nilikaa miezi minne bila kugusa ile kufuli, hadi watu wa Kathonzweni wakadhani redio zao zimekufa pamoja na wewe. Mita yako ya kupimia umeme bado iko kwenye msumari. Mwende ameingia kidato cha pili, na bado anakula akiwa amesimama, kama wewe.

Jumamosi Mwalimu Kilonzo wa kwaya alileta amplifaya ya kanisa. Walikuwa na mkutano wa injili uwanjani, stima hakuna, na lori lililobeba kwaya lilikuwa nje. Alitaka nivute waya tu kutoka kwenye betri mbili za lori, zilivyounganishwa pamoja. Nikapima. Volti ishirini na nne na kitu. Ile amplifaya unaijua, uliitengeneza mwenyewe: IC yake, ile chipu ya kukuza sauti, mwisho ni volti kumi na nane. Nikakataa.

Akacheka kidogo, akasema fundi mwenyewe angekuwepo, kazi ingekuwa imeisha. Hayo maneno yaliniuma sana. Wanakwaya walijaa mlangoni wakiningojea. Karibu niunganishe, ili waniamini tu.

Nikakumbuka redio ya mzee Nzioka, mwaka ule tulipooana. Uliiunganisha na betri za lori bila kupima, ulikuwa na haraka. Sauti ikatoka kubwa, mara moja, halafu kimya. Halafu ile harufu. Ulinionyesha IC ilivyotoboka, tundu dogo kama la sindano, ukaniambia, "Yenyewe haina makosa. Ni mimi nimeipa moto isiouweza."

Ungeweza kumwambia mzee redio imezeeka. Hangejua. Lakini ulimwambia ni wewe uliyeichoma, mimi nikiwa hapo, kisha ukapanda basi hadi Nairobi kutafuta IC nyingine. Siku hiyo nilikupenda kuliko siku ya harusi yetu. Sijui kwa nini sikukuambia. Miaka yote hiyo, na sikukuambia.

Basi nikamwambia Mwalimu, "Nikiunganisha hivi itasikika dakika moja, halafu mtahubiri kwa midomo." Nikamwomba dereva afungue betri moja, tukaitumia hiyo peke yake, volti kumi na mbili. Kwaya iliimba hadi jua likashuka. Mimi nilisimama nyuma kabisa, nikalia, na kwa vile wengi walikuwa wakilia kwa ajili ya wokovu, hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu Mwalimu alirudi. Hakuomba msamaha. Alileta redio ya mama yake, akaiweka mezani, akasema, "Fundi, hii imekataa kuongea."

Sijui yote uliyojua. Kuna redio nikizifungua naona waya tu, nazifunga tena naenda kuchemsha chai. Lakini kesho yake ninazifungua.

Pumzika, Mutinda wangu. Kwenye ubao wa duka nitaandika jina langu chini ya lako. Lako sitalifuta; likififia, nitalipaka rangi kwa mkono wangu.

Ndunge wako